Nataka kuacha pombe kabla ya Ramadhani: nitapata wapi kundi la kunisaidia Mombasa?

SWALI

Assalaam aleikum. Mimi ni mwanamume wa miaka 41, nina mke na watoto watatu, nakaa Kisauni. Ni karani wa uwakala wa forodha, kutwa niko bandarini na maofisini na makaratasi ya watu. Nakunywa pombe kali, robo moja kila jioni, na siku za malipo robo mbili. Asubuhi mikono inatetemeka mpaka nipige funda ndipo niweze kutia sahihi.

Kila mwaka huacha ghafla siku ya kwanza ya mfungo, na kila Idi hurudia kwa kasi kuliko mwanzo. Mwaka jana, siku ya pili ya Ramadhani, nilianguka jikoni. Mke wangu anasema nilitupa mikono na miguu na kutoka povu. Nyumbani walisema ni jini, wakaita mtu wa kunisomea.

Ramadhani iko wiki tatu mbele. Safari hii sitaki kuacha kwa ajili ya mwezi tu. Nimesikia kuna makundi ya walioacha wanaokutana na kusaidiana, lakini naambiwa wanakutania kanisani na kusali Kikristo. Tena Mombasa ni ndogo, nikionekana huko habari itafika msikitini na kazini. Mke wangu yuko tayari kuja nami. Kundi kama hilo nitalipata wapi, nikifika nifanye nini, na dini yangu itakuwaje?

Karani, Kisauni

JIBU

Waaleikum salaam, ndugu yetu. Umeuliza kuhusu kundi na tutakujibu kwa kirefu, lakini hospitali inatangulia. Ulivyoanguka jikoni ndivyo inavyokuwa degedege ya kukatiza pombe ghafla. Kusomewa hakuna ubaya, ila kusomewa hakumwondolei mtu haja ya kuonwa na daktari, na mtu aliyewahi kupata degedege ya namna hiyo hatakiwi kuacha pombe nyumbani tena, hata kama safari hii ana nia kuliko zote zilizopita.

Ubongo uliozoea pombe kila siku hujipanga kufanya kazi ukiwa umetulizwa. Ukiiondoa pombe kwa mkupuo, ubongo hubaki umechachamaa. Kutetemeka, jasho na kichefuchefu huanza kama saa 6 hadi 12 baada ya funda la mwisho, na ndiyo maana asubuhi zako ziko hivyo. Degedege mara nyingi huja ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya tano mtu anaweza kuchanganyikiwa kabisa, akapanda homa, akaona wadudu ukutani na watu wasiokuwepo, na hali hiyo huua. Tena kila mara unapoacha ghafla, ukarudia, ukaacha ghafla tena, arosto, yaani mateso ya mwili kuikosa pombe, inayofuata huelekea kuwa kali kuliko iliyopita. Wewe umefanya hivyo kila Ramadhani, tena ukiwa umefunga, bila maji wala chakula kutwa, kwenye joto la Mombasa. Mwili wako umebeba mzigo wa miaka yote hiyo.

Kipimo chako nacho si kidogo. Robo ni mililita 250. Ikiwa kileo ni asilimia 40, hiyo ni karibu gramu 80 za pombe tupu, sawa na vipimo 8 kwa hesabu ya gramu 10 kila kimoja. Siku za malipo unafika 16. Mwambie daktari namba hizi kama zilivyo. Wengi hupunguza nusu kwa aibu, na daktari huandika dawa kulingana na alichoambiwa, kwa hiyo dawa inakuwa ndogo na degedege inakuja hata hivyo.

Kwa hiyo nenda kesho au keshokutwa kwenye kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya Port Reitz, au Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani, Makadara. Sema maneno haya mawili mwanzoni kabisa: "Nakunywa kila siku" na "Nimewahi kupata degedege nilipoacha." La pili ndilo litakalofanya ufikiriwe kulazwa badala ya kupewa vidonge ukarudi nyumbani. Kwa kawaida tiba ya kuondoa sumu huchukua siku 5 hadi 7, kwa dawa ya kutuliza inayopunguzwa kila siku, pamoja na vitamini B1. Mnywaji wa muda mrefu hupungukiwa sana na vitamini hiyo, na ikikosekana ubongo unaweza kuharibika, kwa hiyo ulizia kama umeandikiwa. Usijinunulie dawa za kutuliza kwenye duka la dawa, wala bugizi, vile vidonge vya usingizi vya mtaani. Zikichanganyika na pombe huzima pumzi.

Mpaka utakapoonwa, usikate ghafla. Tunajua neno hili ni zito kulisikia Mwislamu, na hatukuhalalishii kitu. Tunasema hizo siku moja mbili za kumfikia daktari ndizo za kuchunga uhai.

Ukianza wiki hii, Shaabani ingalipo, utakuwa umemaliza tiba na kupata siku kumi na zaidi za kupumua kabla ya mwezi kuandama. Ikiwa daktari atasema bado usifunge, ugonjwa ni udhuru unaotajwa katika Kurani yenyewe, na siku hizo hulipwa baadaye.

Sasa kundi.

Makundi unayoyasikia ni ya aina kuu mbili hapa kwetu. La kwanza ni Alcoholics Anonymous, watu wote huliita AA, lililoanza Marekani mwaka 1935 kwa walevi wawili waliogundua kwamba mlevi akizungumza na mlevi mwenzake hubaki mzima siku hiyo. La pili ni Narcotics Anonymous, yaani NA, ambalo lilichukua utaratibu uleule wa Hatua 12, yaani hatua za kujirekebisha moja baada ya nyingine, kwa ajili ya dawa za kulevya. Watu wa pombe hupuuza NA wakidhani ni ya wavuta unga peke yao, na hapo hupoteza nafasi, kwa sababu NA huhesabu pombe kuwa dawa ya kulevya kama nyingine. Pwani yetu imeteswa na heroini kwa miaka mingi, kwa hiyo NA ina mizizi hapa na utakuta Waislamu wengi ndani yake. Ukikuta NA iko mtaa wa pili na AA iko ng'ambo ya kivuko, ingia NA.

Kuzipata, anza na simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192. Usiseme tu "naomba msaada", kwa maana utapewa ushauri wa jumla. Sema: niko Kisauni, natafuta mikutano ya AA au NA ya ana kwa ana, ya Kiswahili, jioni baada ya saa kumi na mbili au mwisho wa wiki. Uwe na kalamu. Andika mambo manne: jengo na mlango wa kuingilia, siku, saa, na namba ya mtu wa kundi hilo. Hilo la nne ndilo muhimu kuliko yote. Orodha za mikutano, ziwe za simu au za intaneti, huchakaa upesi. Kundi huhama mwenye ufunguo akisafiri, ukumbi ukikodishwa harusi, au Ramadhani ikibadilisha saa za watu. Wengi wamefika wakakuta kufuli, wakachukulia kwamba Mungu hakutaka, wakapitia baa. Piga siku moja kabla, kisha tena mchana wa siku yenyewe.

Ukiwa bado wodini, muulize muuguzi wa afya ya akili au mshauri nasaha. Hao hujua makundi yaliyo hai kuliko orodha yoyote, kwa sababu wagonjwa wao ndio wanaohudhuria. Vituo vya tiba navyo huwa na mikutano ndani ya uwanja wao, na baadhi ya mikutano hiyo hupokea watu wa nje hata kama hawakutibiwa hapo. Ulizia kituo cha serikali cha Miritini. Ulizia pia MEWA, jumuiya ya Kiislamu ya hapahapa Mombasa inayotibu waraibu. Kwa mtu mwenye wasiwasi wako wa dini, ningepiga simu MEWA siku hiyohiyo ya kupiga 1192. Ikiwa utashauriwa kukaa kituoni kwa miezi, uliza mambo mawili kabla ya kulipa: kibali cha NACADA kiko wapi nikione, na SHA, bima ya afya ya serikali, inalipia kiasi gani.

Kuna mikutano ya mtandaoni pia, ya Zoom na ya simu, na inafaa sana usiku ambao huwezi kutoka. Lakini kabla ya kuingia, badilisha jina linaloonekana. Watu huingia na akaunti ya kazini, jina kamili na kampuni yao vikajitokeza mbele ya watu thelathini. Zima kamera, tumia sauti tu, na data itatosha pia. Kundi la WhatsApp ni jambo jingine: ukiongezwa, kila mwanachama anaona namba yako, na picha yako ya wasifu usipoificha. Weka mipangilio kwanza, au tumia laini ya pili.

Kuhusu kuonekana, tusikudanganye. Kutotajana majina ni ahadi ya watu, haina askari wa kuilinda. Katika mikutano mingi inatunzwa vizuri kwa sababu kila aliyemo ana la kupoteza kama wewe. Ushauri wetu ni huu: usichague kundi lililo karibu kabisa na nyumbani, wala la mbali sana. Chagua la pili kwa ukaribu, linalofikika kwa matatu moja. La mlangoni utalikwepa kwa kuogopa jirani, na la mbali utalikosa siku ya kwanza mvua ikinyesha au kivuko kikijaa. Kumbuka pia kwamba pombe yenyewe haikukuficha. Kuna watu msikitini na kazini wanaojua tayari na wamenyamaza kwa kukusitiri.

Ndiyo, mikutano mingi hufanyika kwenye kumbi za makanisa. Sababu ni kodi: ukumbi wa parokia huwa mtupu jioni za katikati ya wiki na hukodishwa kwa bei ndogo. AA haina dini na haifungamani na kanisa lolote. Hatua zake humtaja Mungu "kwa namna tunavyomwelewa", na sharti la kuwa mwanachama ni moja tu, hamu ya kuacha kunywa. Ila baadhi ya makundi hapa Kenya hufunga mkutano kwa Sala ya Baba Yetu kwa mazoea ya wenyeji wake. Ikifika hapo, nyamaza, au toka nje kabla, hakuna atakayekuuliza. Ukiona kundi linageuka kuwa mahubiri, hilo limepotoka na una haki ya kutafuta jingine. Waislamu wa Baltimore, Marekani, walianzisha mwaka 1989 utaratibu wao wa Hatua 12 uitwao Millati Islami, na maandishi yao yanaweza kukufaa kusoma kando ya mikutano ya hapa. Imamu unayemwamini mwambie faraghani, mmoja tu, na umwambie unachotaka kwake: dua na siri, si hotuba ya Ijumaa.

Siku ya kwanza fika robo saa mapema. Chelewa, na utaingia watu wote wakigeuka kukutazama, jambo ambalo limewarudisha wengi mlangoni. Mwambie yeyote anayepanga viti: "Mimi ni mgeni." Hakuna daftari la kuandika kitambulisho. Utatoa jina moja, na likiwa la kubuni ni sawa. Mkutano huchukua saa moja hadi moja na nusu. Husomwa maandishi mafupi, kisha watu huzungumza kwa zamu, kila mmoja dakika chache, bila kukatizwa na bila kujibiwa. Zamu yako ikifika sema, "Leo nitasikiliza," inatosha kabisa. Kikapu kitapita, na mgeni halazimiki kutia kitu. Hiyo ndiyo fedha pekee utakayoombwa mkutanoni. Anayekudai ada ya usajili, au ya kukuuzia dawa ya mitishamba ya kukata hamu, hakuwakilishi kundi.

Usiondoke bila namba za wanaume watatu. Wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake, ni kanuni ya busara iliyozuia mengi. Wapigie kila mmoja ndani ya siku mbili, hata huna la kusema, ili mkono uzoee. Ukisubiri mpaka hamu ikukamate ndipo upige mara ya kwanza, hutapiga. Baadaye, mmojawapo aliyetulia kwa mwaka au zaidi, na ambaye maisha yake unayatamani kidogo, mwombe awe mdhamini wako wa kukupitisha kwenye hatua. Mtu akikwambia uache dawa za hospitali kwa kuwa "safi ni safi", mshukuru na usimfuate. Wanachama wa AA si madaktari, na AA yenyewe inasema hivyo.

Usilihukumu kundi kwa mkutano mmoja. Nenda mara sita, katika makundi mawili au matatu tofauti, ndipo uamue. Jioni moja inaweza kutawaliwa na msemaji mmoja mchoshi, na nyingine ikakupa neno la kukuvusha wiki nzima.

AA ina desturi ya kumwambia mgeni ahudhurie mikutano 90 kwa siku 90. Kwa Mombasa na kazi yako, mitatu ya ana kwa ana kwa wiki na siku nyingine mtandaoni ni mpango unaoshikika. Katika Ramadhani saa ngumu zitabadilika. Mchana swaumu itakulinda. Hatari itakuwa baada ya futari na tarawehe, tumbo limejaa na usingizi haujaja. Hapo ndipo wengi wa kwetu hushika muguka, majani ya kutafuna kama miraa, "ili kupoteza mawazo", hukesha, na siku ya tatu ya kutolala hutafuta pombe ili walale. Uiweke muguka kwenye kapu moja na pombe, angalau mwaka huu.

Idi ipangie tangu sasa, kwa maana umesema mwenyewe ndipo unapoangukia. Andika utakuwa wapi kuanzia alasiri mpaka saa nne usiku ya Idi Mosi, na nani. Awe mtu wa kundi, si binamu wa kukutania. Zipangie siku za malipo vivyo hivyo. Kama wateja hukulipa taslimu jioni, omba watume kwa simu, na zaidi ya nauli zihamie kwa mkeo papo hapo.

Mkeo anaweza kuja nawe kwenye mkutano wa wazi. Wa kufungwa ni kwa wenye tatizo wenyewe tu, kwa hiyo uliza ni upi unapopiga ile simu ya siku moja kabla. Yeye ana kundi lake pia, Al-Anon, lililoanzishwa 1951 kwa ajili ya ndugu na wake wa walevi, na 1192 waulizeni kama lipo karibu au ni la mtandaoni. Asikutilie dawa yoyote ya kuchukiza pombe kwenye chai kwa siri. Wapo wanaouziwa disulfiram kwa ajili hiyo, na mtu akinywa pombe juu yake bila kujua, shinikizo la damu linaweza kuporomoka na moyo kwenda mbio mpaka afe.

Na siku hizi za kungoja hospitali, ajue hili: degedege ikija, akulaze ubavu, aondoe meza na viti, alegeze shingo ya kanzu, asitie kijiko wala kidole mdomoni, aangalie saa. Ikipita dakika tano, au ikijirudia, ni dharura ya kukimbizwa. Na hata ikiisha yenyewe kwa dakika moja, nendeni hospitali usiku huohuo, kwa sababu degedege nyingine inaweza kufuata ndani ya saa chache.